Majina ya Mji na Vijiji vya Wilaya ya Zamani ya Oletzko (Treuburg) katika Prusia ya Mashariki, 1818–1946: Uaminifu, Utawala na Ufutaji wa Kumbukumbu

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya majina ya mji na vijiji vya iliyokuwa wilaya ya vijijini ya Oletzko, iliyoitwa Treuburg kuanzia mwaka 1933, katika jimbo la Ujerumani la Prusia ya Mashariki. Leo eneo hilo liko kaskazini mashariki mwa Poland. Katika kura ya maoni ya tarehe 11 Julai 1920 wapigakura zaidi ya 28,000 wa wilaya hiyo walichagua kubaki Prusia ya Mashariki, na kura zilizoichagua Poland zilikuwa 2 tu. Pamoja na ushahidi huo wa uaminifu, dola la Ujerumani lilifuta majina mengi ya vijiji vya wapigakura hao mwaka 1938, na dola la Poland likayafuta majina yaliyowekwa badala yake kuanzia mwaka 1946. Makala yanadai kwamba majina hayo hayakubadilishwa kwa sababu utambulisho wa wakazi ulikuwa umebadilika. Yalibadilishwa kwa sababu kila dola lilihitaji ardhi itoe ushahidi ambao wenyeji hawakuweza kuutoa kwa namna ambayo dola hilo lingeridhika nayo.

1.0 Utangulizi

Orodha ya miji na vijiji vya wilaya huonekana kuwa maandishi yasiyo na hoja. Huwa na jina la mahali, jina la awali, jina la sasa, na pengine idadi ya wakazi. Mtafiti huitumia kutafuta kijiji kwenye ramani, kisha huiweka kando. Hata hivyo, orodha ya wilaya ya Oletzko ina hoja ndani yake. Kijiji kimoja hutokea humo kwa majina matatu. Mhunzi aliyezaliwa Kowahlen kabla ya Vita Kuu ya Kwanza angesajiliwa mwaka 1939 kuwa mkazi wa Reimannswalde. Kama angebaki baada ya vita vya pili, nyaraka zake zingesema kwamba anaishi Kowale Oleckie. Katika muda wote huo huenda hakuihama nyumba yake.

Makala haya yanajibu maswali mawili. Kwanza, ni kwa nini wilaya iliyotoa ushahidi mkubwa kuliko nyingine zote wa kutaka kubaki upande wa Ujerumani ilibadilishiwa majina ya vijiji vyake na Ujerumani hiyo hiyo? Pili, majina yaliyotokea baada ya mwaka 1945 yalirejesha yale yaliyofutwa, au yaliendeleza ufutaji kwa lugha nyingine? Majibu yanatafutwa kwa kulinganisha majina ya makazi katika vipindi vitatu vya utawala na kuyaweka ndani ya matukio ya kisiasa ya kila kipindi.

2.0 Chimbuko la Wilaya na Tabaka za Majina

Wilaya ya Oletzko iliundwa katika mageuzi ya utawala ya Prusia ya mwaka 1818, ikawekwa chini ya mkoa wa Gumbinnen. Eneo lake lilizidi kilomita za mraba 800, na upande wa mashariki lilipakana na ardhi ya Suwałki iliyokuwa chini ya Milki ya Urusi. Wilaya ilikuwa na mji mmoja tu, Marggrabowa. Makazi mengine yalikuwa vijiji vya wakulima, vijiji vya makanisa na mashamba makubwa ya makabaila. Mashamba hayo yalihesabiwa kuwa maeneo ya utawala yanayojitegemea hadi yalipofutwa kisheria kote Prusia mwishoni mwa miaka ya 1920. Kutokana na mpangilio huo, idadi ya makazi katika orodha za karne ya 19 haiwezi kulinganishwa moja kwa moja na ile ya miaka ya 1930. Makazi kadhaa yalitoweka katika orodha kwa kuunganishwa na majirani, wala si kwa kuhamwa.

Majina ya makazi hayo yalijengeka kwa tabaka. Tabaka la chini kabisa ni la lugha za Kibalti. Kabla ya karne ya 13 eneo hilo lilikaliwa na Wayatvingi, watu wa jamii ya Kibalti, ambao walishindwa na shirika la kijeshi na kidini la Wateutoni kufikia mwaka 1283. Sehemu kubwa ya ardhi yao ilibaki msitu kwa muda mrefu, lakini majina ya maziwa na mito yalidumu. Schwentainen, ambacho leo ni Świętajno, ni mfano wa jina ambalo mzizi wake, wenye maana ya utakatifu, unapatikana katika lugha za Kibalti na za Kislavoni pia.

Tabaka la pili ni la walowezi. Kuanzia karne ya 15, na hasa katika karne ya 16, wakulima kutoka Mazovia nchini Poland walihamia kusini mwa Prusia, wakafyeka misitu na kuanzisha vijiji. Walizungumza lahaja za Kipolandi na baadaye wakaitwa Wamasuria. Majina mengi ya vijiji vya Oletzko yana sura ya lugha yao. Kowahlen, kwa mfano, linatokana na neno la Kipolandi lenye maana ya mhunzi.

Tabaka la tatu ni la watawala. Mwaka 1525 Albrecht, aliyekuwa kiongozi mkuu wa Wateutoni, aliivunja himaya ya shirika hilo nchini Prusia, akaingia madhehebu ya Kilutheri na kuwa Duke wa Prusia chini ya mfalme wa Poland. Ndiye aliyeanzisha mji wa Marggrabowa mwaka 1560. Masimulizi ya kienyeji yanaeleza kwamba Duke huyo alikutana msituni na Mfalme Sigismund August wa Poland, nao wakakubaliana kila mmoja ajenge mji upande wake wa mpaka. Mji wa mfalme ukawa Augustów na wa Duke ukawa Marggrabowa. Hata kama masimulizi hayo yatachukuliwa kuwa hekaya, jina lenyewe lina ushahidi wake. Linatokana na neno la Kipolandi la cheo cha margrave, yaani mtawala wa eneo la mpakani, na Albrecht alitoka katika ukoo wa kijerumani wenye cheo hicho. Hivyo, Marggrabowa ni jina la Kipolandi linalomkumbuka mtawala Mjerumani. Jambo hili litahitajika katika sehemu ya tano.

3.0 Lugha, Dini na Shule kabla ya 1914

Ili kuelewa kura ya mwaka 1920 ni lazima kutenganisha mambo mawili ambayo siasa za utaifa huyaunganisha, yaani lugha na uaminifu wa kisiasa. Mwanzoni mwa karne ya 19 wakazi wengi wa Oletzko walizungumza Kimasuria. Kwa lugha walikuwa karibu na Wapolandi wa ng'ambo ya mpaka, lakini kwa dini walikuwa Walutheri, na mfalme waliyemwombea kanisani alikuwa mfalme wa Prusia. Majirani zao wa Suwałki walikuwa Wakatoliki kwa wingi na raia wa Tsar. Mpaka uliowatenganisha ulikuwa wa madhehebu, wa utumishi jeshini na wa sheria ya ardhi. Kufanana kwa usemi hakukutosha kuufuta.

Mambo yalianza kubadilika baada ya kuundwa kwa Milki ya Ujerumani mwaka 1871. Mwaka 1873 serikali ya jimbo iliagiza Kijerumani kiwe lugha ya kufundishia katika shule za msingi, na lugha ya nyumbani ikaachiwa nafasi finyu katika mafundisho ya dini kwa watoto wadogo. Reli iliyojengwa kati ya Goldap na Lyck mwishoni mwa karne hiyo, utumishi wa jeshi na uhamiaji wa vijana kwenda kwenye migodi ya Ruhr viliongeza kasi ya mabadiliko. Sensa za Prusia zilianza kukihesabu Kimasuria kando na Kipolandi. Uamuzi huo ulikuwa na matokeo ya kisiasa, kwani ulimtenga mzungumzaji wa Kimasuria na taifa la Poland hata kabla hajaulizwa analiona vipi. Kufikia vita vya 1914, Kijerumani kilikuwa kimekwisha kuwa lugha ya mjini, ya shule na ya ofisi.

Vita hivyo viliifikia wilaya mapema. Jeshi la Urusi liliingia Prusia ya Mashariki mwezi Agosti 1914, na maeneo ya mpakani yakapita mikononi mwa majeshi yote mawili hadi mapigano ya majira ya baridi ya Februari 1915. Kwa familia nyingi za Oletzko, upande wa mashariki wa mpaka ukawa tangu hapo upande ulikotoka moto.

4.0 Kura ya Maoni ya Mwaka 1920

Ibara ya 94 ya Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 iliweka eneo la kura ya maoni kusini mwa Prusia ya Mashariki. Eneo hilo lilihusisha mkoa wa Allenstein pamoja na wilaya moja ya mkoa wa Gumbinnen, nayo ni Oletzko. Kamisheni ya mataifa washirika iliyoongozwa na Mwingereza Ernest Rennie ilikaa Allenstein na kusimamia utawala hadi kura ipigwe. Waliopewa haki ya kupiga kura ni wanaume na wanawake waliotimiza umri wa miaka 20, wakiwamo waliozaliwa katika eneo hilo ingawa walikuwa wakiishi kwingine. Kwa sababu hiyo maelfu ya Wamasuria walirudi kwa treni na meli kutoka magharibi mwa Ujerumani.

Matokeo katika mkoa mzima yalikuwa kura 363,209 kwa Prusia ya Mashariki na 7,980 kwa Poland. Oletzko ilipita wilaya zote kwa kura zake 2 za upande wa Poland. Wanahistoria wametaja sababu kadhaa za matokeo hayo, na hazipingani. Chaguo lililoandikwa kwenye karatasi lilikuwa Prusia ya Mashariki, si Ujerumani, hivyo mpigakura aliweza kuchagua nchi yake ya nyumbani bila kulazimika kutamka taifa. Poland ilikuwa vitani na Urusi ya Kisovyeti, na mwezi huo Jeshi Jekundu lilikuwa likisonga kuelekea Warszawa. Vyama vya Kijerumani vilikuwa na fedha, watumishi wa serikali na mitandao ya vijijini, ilhali wafuasi wa Poland walitishwa na mara nyingine kushambuliwa. Juu ya hayo yote kulikuwa na madhehebu na kumbukumbu ya vita.

Kwa hiyo, kura 28,000 na zaidi hazithibitishi kwamba Oletzko ilikuwa imeacha kuwa ya Kimasuria. Zinathibitisha kwamba kwa wakazi wengi, kuzungumza Kimasuria na kutaka kubaki Prusia havikuwa vitu viwili vinavyopingana. Watu walipiga kura wakiwa wakazi wa Czychen, Gonsken, Mierunsken na Wielitzken, bila kuona kwamba majina hayo yanawafanya Wapolandi.

Inafaa kukumbuka pia kwamba mkataba huo huo, katika Ibara ya 119, uliinyang'anya Ujerumani makoloni yake, likiwamo la Afrika Mashariki. Wakulima wa Oletzko waliulizwa wanataka kuwa chini ya nani. Wakazi wa Tanganyika, Ruanda na Urundi hawakuulizwa. Haki ya kujiamulia iliyosifiwa mwaka 1919 ilikuwa na mipaka ya kijiografia. Hata pale ilipotolewa, kama sehemu zinazofuata zitakavyoonesha, haikumlinda aliyeitumia.

5.0 Kutoka Marggrabowa hadi Treuburg, 1928–1933

Mwaka 1928 mji wa Marggrabowa ulipewa jina jipya la Treuburg, yaani ngome ya uaminifu, kwa kukumbuka matokeo ya kura. Mwaka 1933 wilaya nayo ikaacha jina la Oletzko na kuitwa Treuburg.

Badiliko hili hutajwa mara nyingi kuwa zawadi au heshima kwa wapigakura. Tafsiri hiyo ina ukweli, kwa kuwa wapo wakazi walioliona hivyo na kulifurahia. Lakini jina lina tabia mbili zinazohitaji kuzingatiwa. Kwanza, linaukumbuka mji kwa tendo moja la siku moja, na kuziacha karne tatu na nusu zilizotangulia. Pili, linageuza jibu la wananchi kuwa sifa ya kudumu ya mahali. Mtu aliyezaliwa Marggrabowa alikuwa ametoka katika mji ulioanzishwa na Duke. Mtu aliyezaliwa Treuburg alitakiwa kuwa mwaminifu kwa jina. Aidha, aliyefutwa katika jina la zamani alikuwa mtawala Mjerumani. Kosa la jina Marggrabowa halikuwa maana yake. Lilikuwa sauti yake, hasa kiishio chake cha Kislavoni. Sikio la ofisi lilikuwa limeanza kushinda kumbukumbu ya nyaraka.

Haitakuwa haki kuwachora wakazi wa wilaya kama watu waliotazama tu. Katika uchaguzi wa mwaka 1932 wilaya za Masuria zilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyokipa chama cha Nazi kura nyingi sana. Umaskini wa wakulima, hofu ya mpaka na ahadi ya kuthaminiwa kuwa Wajerumani kamili viliwavuta wengi. Chama walichokipa kura ndicho kilichokuja kubadilisha majina ya vijiji vyao.

6.0 Mabadiliko ya Mwaka 1938

Tarehe 16 Julai 1938, chini ya utawala wa Erich Koch, aliyekuwa kiongozi wa chama na mkuu wa jimbo, majina ya makazi takriban 1,500 ya Prusia ya Mashariki yalibadilishwa kwa pamoja. Majina yenye asili ya Kipolandi, Kilitwania na hata Kiprusia cha kale, ambacho ni lugha ya Kibalti iliyokufa, yaliondolewa. Wilaya ya Treuburg iliguswa sana. Mabadiliko yake yanaweza kugawanywa katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni la majina yaliyorekebishwa tahajia tu. Schareyken likawa Schareiken na Duneyken likawa Duneiken. Sauti ilibaki, ila herufi moja iliyoonekana kuwa ya kigeni ikaondolewa.

Kundi la pili ni la majina yaliyokatwa na kuundwa upya kwa sehemu ya sauti za zamani. Mierunsken likawa Merunen. Mkazi mzee angeweza bado kukitambua kijiji chake, lakini kiambishi cha Kislavoni kilikuwa kimeondoka.

Kundi la tatu ni la majina yaliyofutwa kabisa. Czychen likawa Bolken. Gonsken likawa Herzogskirchen, jina linalounganisha maneno ya Kijerumani ya duke na kanisa. Wielitzken, kijiji chenye kanisa la mbao la karne ya 17, kikaitwa Wallenrode, jina linalokumbusha ukoo wa makabaila wa Prusia. Kowahlen likawa Reimannswalde, lenye neno la Kijerumani la msitu ndani yake, na kumbukumbu ya wahunzi ikatoweka.

Ulinganisho unaonesha kwamba kanuni hizo hazikutumika kwa usawa. Schwentainen ya wilaya ya Treuburg ilibaki na jina lake. Schwentainen nyingine, iliyokuwa katika wilaya ya Ortelsburg, ilibadilishwa na kuwa Altkirchen. Jina lilikuwa moja na asili yake moja, lakini ofisi zilitoa hukumu mbili. Tofauti hiyo inatosha kudhoofisha dai kwamba kazi ya 1938 ilikuwa ya kisayansi, ya kurejesha majina ya kale ya Kijerumani. Katika vijiji vingi halikuwapo jina la kale la Kijerumani la kurejeshwa. Jina jipya lilitungwa, kisha likapewa umri.

Maana ya kisiasa ya tendo hilo inaonekana vizuri likiwekwa sambamba na mwaka 1920. Kama kura ilikuwa ushahidi wa mwisho wa Ujerumani wa Oletzko, hapakuwa na haja ya kubadilisha jina lolote. Kitendo cha kubadilisha ni kukiri kwamba ushahidi huo haukuwatosha watawala. Waliamini kura, lakini hawakuyaamini majina, makaburi na nyimbo za kanisani. Mwaka 1939 ibada kwa lugha ya Kimasuria zilipigwa marufuku, na mahali pa mwisho pa hadhara ambapo lugha hiyo ilisikika pakafungwa. Mwaka huo huo cheo cha kisheria cha wilaya kikawa Landkreis, yaani wilaya ya vijijini, na kwa cheo hicho ndivyo inavyotajwa katika orodha nyingi za leo. Ardhi ya Suwałki, iliyotwaliwa kutoka Poland baada ya uvamizi, iliunganishwa na mkoa wa Gumbinnen, na baadaye mji wake ukaitwa Sudauen. Jina hilo lilichukuliwa kwa Wasudovi, yaani Wayatvingi. Watu waliokuwa wametoweka karne nyingi nyuma walitumika kuhalalisha utawala juu ya waliokuwa hai.

7.0 Baada ya Vita: Majina ya Tatu, 1945–1946

Majina ya 1938 yalidumu chini ya miaka 7. Mapigano yalipofika mpakani mwezi Oktoba 1944, wakazi wengi wa wilaya waliondolewa, na mwezi Januari 1945 Jeshi Jekundu likaiteka Treuburg. Baada ya Mkutano wa Potsdam eneo liliwekwa chini ya utawala wa Poland, likaunganishwa na mkoa wa Białystok. Walioingia katika nyumba zilizoachwa walitoka hasa maeneo ya jirani, yakiwamo ya Suwałki, na wengine walitoka katika ardhi za mashariki zilizochukuliwa na Umoja wa Kisovyeti. Mwaka 1947 Waukraine waliohamishwa kwa nguvu kutoka kusini mashariki mwa Poland walipelekwa pia katika Prusia ya Mashariki ya zamani.

Mwanzoni majina yalitumika kiholela. Idara ya reli, ofisi za wilaya na walowezi wenyewe waliweza kukiita kijiji kimoja kwa majina tofauti. Mwaka 1946 iliundwa Kamisheni ya Kuamua Majina ya Mahali, ikiongozwa na mwanajiografia Stanisław Srokowski, na maamuzi yake yakachapishwa katika gazeti la serikali. Kwa upande wa Masuria kamisheni ilitumia sana majina ya kienyeji yaliyokuwa yameandikwa na wasomi wa karne ya 19 kama Wojciech Kętrzyński. Hivyo Czychen ikawa Cichy, Gonsken ikawa Gąski, Mierunsken ikawa Mieruniszki, Wielitzken ikawa Wieliczki, na Kowahlen ikawa Kowale Oleckie.

Kwa mtazamo wa lugha, majina hayo yako karibu zaidi na ya kabla ya 1938 kuliko yale ya Wanazi, na katika vijiji vingi yalirejesha matamshi ambayo Wamasuria wenyewe walikuwa nayo. Hilo ni jambo la kukubaliwa bila kusita. Hata hivyo kuna mambo mawili ya kuongeza. Kwanza, mji haukurudishiwa jina la Marggrabowa. Ulipewa jina la Olecko, lililokuwa la ngome ya kale na la wilaya, ambalo pia lilitumika katika mazungumzo ya wenyeji. Kwa mara ya pili katika miaka 18, jina la Duke liliachwa. Mwaka 1928 liliachwa kwa kuwa lilisikika Kipolandi, na safari hii kwa kuwa lilimkumbuka Mjerumani. Pili, katika miji mingine ya Masuria kamisheni ilitunga majina ya heshima kwa wazalendo wa Poland, kama Kętrzyn kwa iliyokuwa Rastenburg, Giżycko kwa iliyokuwa Lötzen na Mrągowo kwa iliyokuwa Sensburg. Njia ilikuwa ile ile iliyozaa Treuburg, yaani kuupa mji jina la jambo ambalo dola linataka likumbukwe.

Wamasuria waliobaki au kurudi walitakiwa kupitia uhakiki wa utaifa ili wathibitishwe kuwa Wapolandi. Kwa mara ya pili katika kizazi kimoja waliulizwa wao ni nani. Mwaka 1920 waliulizwa kwa kura ya siri, na baada ya 1945 waliulizwa mbele ya ofisa, huku haki ya kubaki na kumiliki shamba ikitegemea jibu. Wengi wa waliothibitishwa waliishia kuhamia Ujerumani katika miongo iliyofuata, hasa baada ya mwaka 1956 na katika miaka ya 1970. Vijiji vikawa na majina yanayofanana na yale ya mababu wa Wamasuria, lakini Wamasuria wenyewe wakawa wachache mno ndani yake.

8.0 Majadiliano: Namna ya Kuisoma Orodha

Matokeo ya ulinganisho huu yana faida ya kiutafiti na ya kinadharia. Kwa upande wa utafiti, jina la mahali katika waraka wa Oletzko linaweza kusaidia kuukadiria umri wa waraka huo. Waraka unaotaja Marggrabowa kama jina rasmi ni wa kabla ya mwisho wa 1928. Unaotaja mji wa Treuburg pamoja na kijiji cha Kowahlen unaangukia kati ya 1928 na 1938. Unaotaja Treuburg na Reimannswalde ni wa baada ya Julai 1938. Mtafiti anayetafuta kumbukumbu za ubatizo au ardhi kwa jina moja pekee atakosa sehemu kubwa ya ushahidi. Mipaka nayo inahitaji uangalifu. Wilaya ya leo ya Olecko ina tarafa nne za Olecko, Kowale Oleckie, Świętajno na Wieliczki, lakini Mieruniszki, kilichokuwa kijiji cha kanisa katika wilaya ya zamani, sasa kiko katika wilaya ya Suwałki.

Kwa upande wa nadharia, mfano huu unapinga mtazamo wa kwamba majina ya mahali huakisi utaifa wa wakazi. Kati ya 1928 na 1938 lugha ya vijijini haikugeuka ghafla, ilhali majina yaligeuka. Unapinga pia mtazamo wa kwamba kura hutatua suala la utambulisho. Dola lililoshinda kura liliendelea kuwashuku walioipiga.

Kuna pia njia ambayo jina hudumu nje ya ofisi. Mwandishi Siegfried Lenz, aliyezaliwa Lyck mwaka 1926, alichapisha mwaka 1955 kitabu cha hadithi kuhusu kijiji cha Kimasuria alichokiita Suleyken. Kijiji cha hadithi ni cha kubuni, lakini katika wilaya ya Oletzko kilikuwapo kijiji halisi chenye jina hilo, ambacho leo ni Sulejki. Wasomaji wengi wa Kijerumani wanaolijua jina Suleyken hawajui kwamba lipo kwenye ramani. Jina lilikosa ofisi ya kulitunza, likatunzwa na kicheko cha wasomaji.

9.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba majina ya mji na vijiji vya wilaya ya Oletzko yalibadilishwa mara mbili ndani ya muda mfupi na madola mawili yaliyokuwa maadui, kwa hoja zinazofanana. Kila dola lilidai kuwa linarejesha ukweli wa zamani, na kila moja lilichagua ni wakati gani wa zamani uhesabiwe kuwa ukweli. Tofauti kati ya matendo hayo mawili ni muhimu na haipaswi kufutwa. La kwanza lilivunja majina yaliyokuwa yakitumika na wenyeji, na la pili, kwa sehemu kubwa, liliyarejesha katika umbo la Kipolandi sanifu. Lakini katika matendo yote mawili mwenyeji hakuwa na sauti kuhusu jina la kijiji chake.

Swali lililoulizwa mwanzoni limepata jibu lake hapo. Wapigakura wa Oletzko waliulizwa mara moja, wakajibu kwa wingi usio na mfano. Waliulizwa wanataka kuwa chini ya nani, wala hawakuulizwa vijiji vyao viitwe nini. Majina ya Kowahlen na Czychen yalionesha kwamba mtu angeweza kuwa na lugha moja, dini nyingine na dola la tatu, na bado akajiona yuko nyumbani. Hilo ndilo ambalo waandishi wa orodha za 1938 na 1946, kila mmoja kwa lugha yake, hawakuwa tayari kuliandika.